Kumfuata Fumo Liyongo, Kipini hadi Siyu

Jumamosi, Machi 16. Mombasa

Tikiti ya basi la Lamu nimeshaikata, naondoka kesho alfajiri. Jioni nimekaa Mji wa Kale kwa muuza kahawa, kikombe mkononi na kashata pembeni, na kila aliyeniuliza niendako nilimjibu kweli: nakwenda kusikiliza hadithi. Vijana walicheka. Muuza kahawa hakucheka. Aliuliza, "Ya nani?" Nikasema ya Liyongo, shujaa na malenga wa kale wa pwani. Akaitikia kwa kichwa kama aliyetajiwa jirani wa zamani. "Basi usianzie Lamu. Lamu watakusomea kwanza. Anzia Kipini, kwenye nchi yake."

Machi 20 ni Siku ya Simulizi Duniani, sherehe iliyoanzia Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1990 na sasa ina wafuasi katika nchi nyingi. Mwalimu mmoja wa Lamu ameandaa usiku wa watambaji wa hadithi siku hiyo, nami nimealikwa kama msikilizaji, cheo ninachokiweza. Mimi ni mtu wa Tanga. Sungura na fisi nilipewa na bibi yangu bila kuomba. Liyongo nilikutana naye darasani, kwenye beti, chini ya swali la "jadili sifa za shujaa". Nikajadili, nikapata alama zangu, na mpaka leo sijamsikia akisimuliwa na kinywa cha mtu, watu wamekaa mkekani na mtambaji yuko mbele yao. Ndiyo safari yenyewe.

Jumapili, Machi 17. Njiani, kisha Kipini

Basi, Malindi, joto, Garsen, joto zaidi. Kwenye vizuizi tunashuka na vitambulisho mkononi, tunapanga foleni juani, tunapanda tena. Baada ya Garsen barabara ilikuwa bado inatiwa lami kwa vipande: hapa unateleza kama uko Ulaya, pale unameza vumbi.

Karibu na Witu mikoma ikaanza kuonekana, ile miti ya porini ya jamii ya mnazi ambayo shina lake hugawanyika matawi. Nikaiangalia kwa makini kuliko abiria mwingine yeyote, maana kwenye hadithi mkoma una kazi yake. Nikashuka Witu. Mji mdogo, lakini hapa ndipo Ahmed, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, alipoweka usultani wake karne ya 19, na Wajerumani wakaufanya himaya yao kuanzia 1885 hadi walipowaachia Waingereza mwaka 1890. Sikukaa. Bodaboda ikanifikisha Kipini jua likizama, pale Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, unapoingia baharini. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, chandarua. Nimelala.

Jumatatu, Machi 18. Ozi

Asubuhi tulipanda mto kwa mtumbwi wa mashine kwenda Ozi. Nahodha alikata kona mbali na ukingo, akanionyesha kwa kidevu: viboko, masikio tu juu ya maji. Ozi ni kijiji cha miembe na mpunga, na watu wake wanamzungumza Liyongo kama mtu ambaye shamba lake liko nyuma ya lile la pili.

Mzee niliyepelekwa kwake alikuwa anasuka mgono wa samaki. Nilimwomba hadithi, akanikatalia hapohapo. "Ngano haitambwi mchana." Nikasema nataka ya Liyongo. Uso ukabadilika. "Aah! Hiyo si ngano, mwanangu. Hizo ni habari. Kaa."

Tofauti hii sikuipata kwenye kitabu chochote cha shule, na kwake ilikuwa wazi kama usiku na mchana. Ngano ina sungura, ina zimwi, ina wimbo, inangoja giza na watoto walioshiba. Habari za Liyongo zina mahali. Na kweli, mzee alisimulia kwa kidole. Shaka, mji wake Liyongo, ule upande wa pwani. Ungwana, magofu yake yako huku, na msikiti wake wa Ijumaa bado una kuta. Pate ni kule, mwendo wa siku nne kwa mtu wa kawaida. Liyongo aliitwa Pate na sultani ili Wagala, yaani Waoromo, wamwone, akaondoka na kufika siku ileile.

Na mkoba wake! Hapa mzee aliacha mgono. Alisimama, akajifanya anatua mzigo begani, akaanza kutoa kimoja kimoja: kinu. Mchi. Jiwe la kusagia. Vyungu. Mafiga matatu. Kila kitu alikiweka chini kwa uzito wake. Jiwe la kusagia alilishusha kwa magoti, akipumua. Wajukuu waliokuwa wakicheza wakasogea, na mmoja akaruka kando alipowekewa figa karibu na mguu. Hapakuwa na kitu pale ila mchanga.

Kisha ikaja kula kikoa. Maadui wa Liyongo walipanga kula makoma kwa zamu, kila siku mmoja apande mkoma awaangushie wenziwe. Zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu, wamfume mishale. Siku yake ilipofika aliwauliza wanataka makoma yapi. Wakamchagulia mti mrefu kuliko yote. Akavuta upinde akiwa palepale chini, akayaangusha. Mzee alimwambia mjukuu wake aokote jiwe alenge koma lililoning'inia juu yetu. Mtoto alikosa mara kadhaa, akapata, tukalila: gumu, tamu kidogo, lina nyuzi za kukwama menoni.

Jirani wa Kipokomo aliyekuwa amekaa nasi akacheka na kusema, "Wakubwa wa mjini wakisifiwa, sisi tuliolima tunasikiliza tu." Mzee hakumjibu. Nadhani walishajibizana miaka mingi.

Alasiri walinionyesha panaposemwa kuwa ni kaburi la Liyongo. Vichaka. Hakuna kibao. Mzee alisoma Fatiha, nasi tukainua mikono.

Jumanne, Machi 19. Lamu

Kurudi Kipini, Witu, basi hadi Mokowe, boti hadi Lamu. Kwa anayefika mara ya kwanza ningemwambia asikimbilie hoteli. Akae kidogo gatini aone punda wakipakiwa saruji.

Nilipitia makumbusho kuziona siwa mbili, zile baragumu kubwa, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba, maana Liyongo naye anasifiwa kwa kupiga panda mpaka zikapasuka. Ziko nyuma ya kioo, na ni kubwa kuliko nilivyodhani. Hiyo ya Pate inamzidi urefu mtu mrefu.

Usiku mkutano nyumbani kwa mwalimu. Amefanya kazi kubwa, lazima niseme hivyo kwanza. Amekopa mikeka, ameomba ua wa nyumba ya mawe ya jamaa yake, amepata spika. Ana pia karatasi: kila mtambaji dakika kumi. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, mhimili wa hadithi nzima hii, alikuwa kwenye kona anachambua mchele kwenye ungo. Aliposikia dakika kumi aliinua kichwa, akauliza, "Za kuanzia?" Kisha akarudi kwenye mchele.

Jumatano, Machi 20. Lamu, usiku

Mwezi ulikuwa mpevu. Ulipanda juu ya ukuta wa ua tukiwa tumeshaswali Isha, ukaangaza zidaka za ukumbi mpaka taa zikawa hazina kazi. Watoto mbele, wanawake upande huu, wanaume ule, na juu ya dari vichwa vya majirani ambao hawakualikwa na hawakukosa kitu.

Aliyetangulia alikuwa kijana mtambaji wa jukwaani kutoka Nairobi. "Paukwa!" akasema. Wengi wakajibu "Pakawa!" Akaendelea, "Sahani!" Wageni wa bara wakaitikia "Ya mchele!" Mimi nikiwa najibu ya kwetu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", nikajikuta peke yangu kama aliyekosea tarabu. Kijana ni fundi. Ana kayamba, ana sauti tatu za wanyama watatu, anaruka. Lakini kila baada ya muda alisimama kutuuliza kama tuko sawa, nasi tukajibu tuko sawa, na kila tulipojibu hadithi ilitoka nje ikarudi. Najua jukwaa la ukumbi mkubwa lina sheria zake. Watu wamelipa kiingilio, wamekaa gizani kwenye viti, lazima uwatikise. Kwenye mkeka mtu hahitaji kutikiswa. Yuko tayari, goti lake limegusa la mwenzake.

Akafuata mghani wa mashairi, akapita. Akafuata mtoto wa darasa la sita na Abunuwasi wa sufuria iliyozaa. Sote tunaijua: Abunuwasi kaazima sufuria, karudisha na kitoto chake, kaazima tena, safari hii sufuria imekufa. Mtoto alipofika pale mwenye sufuria anapolalamika kwamba chuma hakifi, ua mzima, wazee kwa watoto, ulimjibu kwa pamoja kabla hajafungua mdomo: "Kilichozaa hakifi?" Akakunja uso. "Niacheni niseme mimi!" Kicheko kilichukua zaidi ya dakika zake kumi.

Kisha bibi.

Alipewa maikrofoni, akaigeuza geuza, akairudisha. "Hiki kinanitangulia." Akaomba kikapu chake. Akatoa mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia. Akatoa tupa. Akatoa mikate miwili, mmoja mweupe wa mofa, mwingine mweusi wa wishwa, akaiweka miguuni. Akawagawia watoto masinia na vijiti. Bado hajasema neno, na tayari hapakuwa na mtu aliyekuwa akiangalia simu, isipokuwa mwalimu, aliyeishika ya kuhesabia dakika.

"Liyongo yumo gerezani," akasema. "Mlinzi nani?" Kimya. Akamwonyesha mwalimu. "Wewe. Si ndiwe unayehesabu muda wa mfungwa?"

Sijui kama alilipanga. Ua uliangua kicheko, simu ikaingia mfukoni, na muda ukaishia hapo.

Saada, kijakazi wa mama yake Liyongo, huleta chakula kila siku, na mlinzi hula kizuri chote, mfungwa akaachiwa makombo. Basi Liyongo akamtumia mama yake maneno kwa wimbo, fumbo ambalo walinzi walilisikia wasilitambue: aoke mkate wa wishwa, katikati atie tupa. Bibi akauinua mkate mweusi, akaupitisha mbele ya pua ya mwalimu. "Wautaka?" Mwalimu, ambaye sasa alikuwa mlinzi kwelikweli, akakunja pua, akasema makapi hayo mpe bwana wako. Akapewa wa mofa. Akaula mbele yetu wote, taratibu, na watoto wakamzomea kwa raha.

Kisha likaja gungu, ngoma ya kale ya pwani. Liyongo aliomba kabla ya kuuawa achezewe gungu la mwisho, na watu wa mji wakaja na matari na matoazi nje ya gereza. Bibi alitufundisha kiitikio, mstari mmoja, akatupanga: masinia huku, makofi kule, wanaume sauti ya chini. Akaanza kuimba. Na chini ya makelele yetu akaanza kusugua tupa kwenye chuma cha mbuzi, kwiri, kwiri.

Sheria ilikuwa hii. Tukipiga kwa nguvu, tupa haisikiki. Tukilegea, inasikika. Aliimba polepole, akaharakisha, akashusha sauti ghafla ili atunase. Mara ya kwanza tulinaswa: upande wa wanaume tulichelewa kuitikia, na ile kwiri ikasikika ua mzima. Akasimamisha mkono. Akamgeukia mlinzi. "Umesikia nini?"

Kila jicho kwa mwalimu. Akatafuna, akameza, akafikiri.

"Panya," akasema.

Basi! Watu walishangilia kana kwamba Liyongo ameshatoka. Mlinzi yuko upande wetu! Tukapiga upya, na kuanzia hapo hakuna aliyelegea. Viganja vyangu viliwaka. Mzee aliyekaa kando yangu, ambaye mwanzoni aliniambia kwamba hii hadithi anaijua na amekuja kwa sababu ya kahawa, alikuwa amesimama kwa magoti akipiga sakafu. Bibi alisugua, akaimba, akasugua, jasho likimtiririka chini ya mtandio, kisha akatupa mnyororo kwenye sinia la mtoto wa mbele. Pingu zimekatika. Mtoto akaruka na sinia lake, watu wakapiga kelele, na bibi akaketi wima akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu."

Utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijuma wa hapahapa Lamu mwaka 1913 nimeusoma zaidi ya mara moja na naupenda. Lakini nilikuwa nikilipita lile gungu haraka, nione shujaa anatoka vipi. Leo nimeelewa kwamba Liyongo alitolewa na waliopiga matoazi. Bila wao ni mtu mwenye tupa anayesikika na walinzi. Maswali ya mtihani hayakuwahi kuwauliza hao.

Karatasi ya ratiba ilikuwa na watambaji wengine wawili. Walisema watatamba siku nyingine. Hakuna aliyewalazimisha.

Alhamisi, Machi 21. Siyu

Na mwezi mpevu ni bamvua, kwa hiyo safari ya Pate ilingoja maji yajae ndipo boti ipite Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, bila kukwama kwenye mikoko. Tulikuwa mimi, mwalimu (ambaye gatini kila mtoto alimwita "Panya"), na abiria wa kawaida na magunia yao. Tukashuka Mtangawanda, pikipiki hadi Siyu, njia ya mchanga na minazi.

Siyu ina ngome, na wenyeji wanakukumbusha haraka kwamba haikujengwa na mgeni ili kuwatawala, na kwamba karne ya 19 majeshi ya sultani wa Unguja yalikuja hapa yakarudi yamepungua. Ina pia mafundi wa viatu vya ngozi. Mmoja wao ndiye tuliyemfuata. Alisimulia barazani huku akishona, hakuinua macho, hakuimba. Baada ya bibi wa jana nilidhani nitasinzia.

Sikusinzia. Alikuwa na kitu kingine: alinyamaza. Anasema sentensi moja, anapitisha uzi, anavuta, na hadithi inakungoja kwenye tundu la sindano. Liyongo hauawi na mshale wala mkuki. Anauawa na sindano ya shaba, kitovuni. Uzi. Anayejua siri hiyo ni mmoja. Uzi. Mwanawe.

"Mpwa!" ikatoka sauti ya mwanamke ndani ya nyumba.

"Mwanawe," fundi akasema.

"Mpwa. Baba yangu alisema mpwa, na baba yake."

Wakabishana kupitia dirishani, kwa adabu, kila mmoja akitaja wazee wake. Mwalimu akajaribu kusema utendi unasema mwana, akanyamazishwa na wote wawili. Wanabishana pia juu ya mji wenyewe: hapa Siyu wapo wanaosema Liyongo alikuwa wa Shanga, magofu yaliyo karibu, mji uliohamwa karne ya 15. Si neno jipya. Edward Steere, aliyechapisha mwaka 1870 hadithi alizozikusanya Unguja, naye alimweka Shanga. Mzee wangu wa Ozi angewafukuza wote.

Tulipofika kisimani, mke wa fundi alitoka nje na kuichukua hadithi. Hakuomba. Alikaa kizingitini, mumewe akarudi kwenye ngozi zake. Liyongo, sindano imemwingia, aliamka, akashika upinde, akaenda akapiga goti kando ya kisima na mshale umevutwa, akafa vilevile. Watu hawakujua. Wakaogopa kuteka maji.

"Sasa niambie," akanigeukia mimi, "nani aliyekuwa na kiu?" Kwake hadithi yote iko hapo. Si kwa Liyongo. Wanaume wamejifungia wakipanga mipango, na wanawake wako nyuma ya kuta na ndoo tupu, watoto wanalia, chungu hakina cha kupikia. Alituhesabia nyumba moja moja: huyu ana mgonjwa, huyu ana mzazi wa juzi. Mwishowe wakamwendea mama yake Liyongo, wakamwomba amsihi mwanawe kwa mashairi aondoke. Akaja. Akaimba akiwa mbali. Akasogea, akaimba. Mke wa fundi aliimba pale mistari miwili kwa Kisiu, sauti ya mtu anayebembeleza mtoto mwenye hasira, na sindano ya mumewe ikasimama. Kisha mwili ukaanguka, na mama akaelewa kwamba alikuwa akimwimbia maiti.

"Wakateka maji?" mtoto mmoja akauliza.

"Wakateka. Wangefanyaje?"

Baada ya chai mwalimu akatoa hoja yake: mwakani waje Lamu, wote wawili, Machi 20. Fundi akatazama bahari. Mkewe akasema hapana. Lamu ije Siyu. Na kwa nini mwakani? Ramadhani iko karibu, sawa, na baada yake kuna kusi, bahari chafu, bibi mzee asipandishwe boti. Lakini matlai ikianza, bahari imetulia, nani anazuia? Akaanza kutoa masharti, na mwalimu akayaandika nyuma ya ile ratiba yake: bibi wa Lamu aje na mbuzi yake na tupa yake, masinia yapo hapa, spika ibaki kwenu, dakika zibaki kwenu pia, mlinzi awe yuleyule. Samaki watatoa wao, mchele uletwe na Lamu. Fundi akadakia kwamba mpunga wa Ozi ni bora, na mtu wa Tanga alikuwa huko juzi, aagizwe.

Nimeagizwa gunia moja. Mwalimu anasema nusu gunia inatosha, mke wa fundi anasema mwalimu hajui watu wa Siyu, na mpaka tunaondoka kwenda kulala hawakuwa wamekubaliana.